Zawadi husema jambo: namna ya kumpongeza mtoto anayefanya vizuri shuleni

Muhula unapofungwa, mtoto huweka ripoti mezani, na mzazi anapoona alama zimepanda moyo wake hujaa. Swali linalofuata huonekana jepesi: nimpe nini? Katika nyumba nyingine swali hilo lilikwisha kujibiwa miezi mitatu nyuma, kwa sentensi fupi iliyotamkwa mlangoni mtoto akielekea shuleni: "Ukiingia tatu bora, nakununulia baiskeli." Wazazi hawa wawili wanaweza kuishia kununua baiskeli ya aina moja, siku moja, lakini watakuwa wamefanya mambo mawili yasiyofanana hata kidogo, na kila mtoto ataondoka na somo lake kuhusu maana ya kusoma.

Mjadala wa kuwazawadia watoto kwa kawaida huwagawa watu pande mbili. Wapo wanaosema kwamba kumpa mtoto kitu kwa sababu amesoma ni kumzoesha vibaya, kwa kuwa kusoma ni wajibu wake na faida ni yake mwenyewe. Na wapo wanaojibu kwamba hata mtu mzima hafanyi kazi bure, iweje basi mtoto atakiwe kuridhika na maneno matupu. Nionavyo mimi, pande zote mbili zinateleza mahali pamoja, kwa sababu zinaichukua zawadi kana kwamba ni kitu kimoja chenye athari moja, kama dawa ambayo ama inatibu ama inadhuru.

Kiswahili chenyewe hakikubali kurahisisha mambo namna hiyo. Zawadi ni kitu kinachotolewa kwa upendo, bila sharti. Tuzo hutolewa mbele ya watu, kutambua sifa ambayo mtu ameionyesha. Ujira ni malipo ya kazi yaliyopatanwa kabla kazi haijaanza. Kifuta jasho huja baada ya kazi, na hakidai kuwa sawa na thamani yake. Ni namna ya kusema kwamba tumeona umetokwa na jasho. Hongo, nayo, humshawishi mtu atende lile ambalo asingelitenda kwa hiari au ambalo tayari lilikuwa wajibu wake. Baiskeli moja inaweza kuwa chochote kati ya hivyo vitano, kutegemea ilitajwa lini, ilifungamanishwa na nini na ilitolewa kwa maneno gani. Mtoto mdogo asiyeweza kuyafafanua maneno haya huitambua tofauti yake vizuri sana, na ndiyo anayoijibu, kuliko baiskeli yenyewe.

Cheti chenye utepe

Ushahidi wa jambo hili ulianza kukusanywa kwa utaratibu zaidi ya miaka 50 iliyopita. Mwaka 1971 mwanasaikolojia wa Marekani Edward Deci alichapisha matokeo ya majaribio aliyowafanyia wanafunzi wa chuo kikuu. Aliwapa fumbo la vipande vinavyounganishwa kuwa maumbo mbalimbali, kazi ambayo vijana wengi waliifurahia. Katika kikao cha pili baadhi yao walilipwa dola 1 kwa kila umbo walilofanikiwa kuliunda, na katika kikao cha tatu malipo yakaondolewa. Kila kikao kilikuwa na dakika chache ambapo mtafiti alitoka chumbani, na kijana akawa huru kusoma magazeti, kukaa kimya au kuendelea na fumbo. Wale waliokuwa wamelipwa, malipo yalipokoma, walielekea kuliweka fumbo kando.

Miaka miwili baadaye, mwaka 1973, Mark Lepper na wenzake David Greene na Richard Nisbett walitoa matokeo ya jaribio lililofanyika katika shule ya chekechea ya Chuo Kikuu cha Stanford, na hilo ndilo linalopaswa kumgusa zaidi mzazi. Waliwachagua watoto wa miaka 3 hadi 5 ambao tayari walionekana kupenda kuchora kwa kalamu za rangi. Kundi la kwanza liliambiwa mapema kwamba atakayechora atapata cheti cha heshima chenye muhuri wa dhahabu na utepe. Kundi la pili halikuambiwa lolote, lakini baada ya kuchora lilipewa cheti hicho hicho ghafla. Kundi la tatu lilichora bila kuahidiwa na bila kupewa. Wiki moja au mbili baadaye kalamu ziliwekwa darasani, wakati wa kucheza kwa hiari, na watafiti wakatazama kwa siri ni nani atakayeziendea. Watoto wa kundi la kwanza walitumia kuchora karibu nusu tu ya muda waliotumia wenzao. Hata michoro yao ya siku ya cheti, ilipopimwa na watu wasiojua nani alikuwa kundi gani, ilionekana duni kidogo: walichora ili wamalize.

Kundi la pili ndilo lenye fundisho kubwa, ingawa husimuliwa kwa haraka kila jaribio hili linapotajwa. Watoto wale walipata cheti kilekile, chenye utepe uleule, na hamu yao haikupungua. Kwa hiyo kilichodhuru si kitu walichopewa. Kilichodhuru ni patano lililotangulia, lile la "ukifanya hiki, utapata kile." Maelezo ambayo wanasaikolojia wengi huyakubali ni kwamba binadamu hujitafsiri kwa kutazama matendo yake mwenyewe. Mtoto anayechora bila kuahidiwa chochote hana sababu nyingine ya kujipa ila kwamba anapenda kuchora. Lakini akishapatana na mtu mzima juu ya cheti, anayo sababu iliyo wazi zaidi, na ile ya kwanza inafifia. Mapenzi yamegeuzwa kuwa kibarua, na kibarua huachwa malipo yakikoma.

Hata hivyo ingekuwa kosa kuchukua jaribio hilo na kutangaza kwamba kila zawadi ni sumu. Watoto wale walikuwa wamechaguliwa kwa sababu walikwisha kupenda kuchora. Walikuwa na kitu cha kupoteza. Ubishi juu ya suala hili ulidumu kwa miaka mingi. Mwaka 1994 Judy Cameron na David Pierce walipitia tafiti nyingi na kuhitimisha kwamba hofu ya zawadi ilikuwa imetiwa chumvi. Mwaka 1999 Deci, akiwa na Richard Koestner na Richard Ryan, alijibu kwa uchambuzi wa tafiti 128 na kuonyesha kwamba zawadi za vitu zilizoahidiwa mapema hupunguza hamu ya ndani, hasa kwa kazi ambazo mtu alizipenda tangu awali, ilhali kwa kazi zisizovutia madhara hayo hayaonekani.

Hapo pande zote mbili zinaweza kukutana, na hapo ndipo mzazi anapopata kitu cha kushika. Mtoto anayejisomea hadithi kitandani mpaka anyang'anywe kitabu hahitaji kuahidiwa chochote kwa kila kitabu. Ahadi hiyo inaweza kumharibia. Lakini mtoto anayesuasua kukariri jedwali la kuzidisha, kazi ambayo sijawahi kumwona mtoto akiipenda siku ya kwanza, hana mapenzi ambayo zawadi ndogo ingeweza kuyaua. Kwake yeye, kitu kidogo cha kumsukuma kinaweza kumvusha mpaka pale ambapo kujua kwenyewe kunaanza kuwa na utamu: siku anapogundua kwamba hesabu za kugawanya, zilizomliza mwezi uliopita, sasa zinatoka zenyewe. Kazi ya zawadi ya namna hiyo ni kama ya kigingi cha kuegemeza mche. Kigingi huondolewa shina likishapata nguvu, na anayekisahau pale hulifunga shina lisinenepe.

Njia ya kuifikia alama

Tuseme basi mzazi ameamua kuahidi. Aahidi kwa sharti la nini? Wengi huchagua alama za mtihani, kwa kuwa alama zinahesabika na hazina ubishi. Mojawapo ya majaribio makubwa kuhusu jambo hili linatoa onyo.

Roland Fryer, mchumi wa Chuo Kikuu cha Harvard, aliongoza majaribio ya kuwalipa wanafunzi fedha katika shule zaidi ya 200 za miji mikubwa ya Marekani, matokeo yake yakachapishwa mwaka 2011. Mbinu zilitofautiana kutoka mji hadi mji. Huko New York wanafunzi walilipwa kwa alama za mitihani. Huko Chicago walilipwa kwa madaraja waliyopata katika masomo ya msingi. Huko Dallas watoto wa darasa la 2 walilipwa dola 2 kwa kila kitabu walichokisoma na kujibu maswali mafupi kukihusu. Fedha zilizowekwa kwenye matokeo, yaani alama na madaraja, hazikuleta mabadiliko ya maana katika mitihani ya upimaji. Dalili za kutia moyo zaidi zilionekana pale fedha zilipowekwa kwenye matendo, hasa kusoma vitabu.

Sababu yake inaeleweka kwa yeyote aliyewahi kukaa na mtoto mezani wakati wa kazi ya nyumbani. Watoto wa New York walizitaka fedha. Hamu haikuwa tatizo. Walipoulizwa wangefanya nini ili wapate alama zaidi, wengi walitaja mambo ya chumba cha mtihani, kama kusoma swali kwa makini au kurudia majibu kabla ya kukusanya karatasi, lakini si kuongeza muda wa kusoma wala kumwuliza mwalimu pale wasipoelewa. Walionyeshwa kilele cha mlima bila kuonyeshwa njia. Alama ni tunda la mambo mengi yaliyofungamana, mengine yakiwa nje ya uwezo wa mtoto: ugumu wa mtihani, ubora wa mafundisho, afya yake siku ile. Kusoma kurasa 10 kila jioni kumo mikononi mwake. Mtu mzima akisema "ukipata 80," mtoto husikia jambo la kutumainia. Akisema "ukimaliza mazoezi ya hesabu za sehemu kila siku mpaka Ijumaa," mtoto husikia jambo la kufanya.

Muda nao una nguvu ambayo watu wazima huisahau kwa urahisi. Katika majaribio mengine yaliyofanyika Chicago na viunga vyake, yaliyoongozwa na wachumi akiwemo Steven Levitt na John List, wanafunzi waliotangaziwa zawadi muda mfupi kabla ya mtihani na kukabidhiwa mara tu baada ya mtihani walijitahidi zaidi, lakini wale walioambiwa kwamba watapewa mwezi mmoja baadaye hawakuonyesha tofauti yoyote. Kwa watoto wadogo, hata kikombe cha ushindi kisichoweza kununua chochote kilifanya kazi. Mzazi anayemwahidi mtoto wa miaka 7 kitu kikubwa cha mwisho wa mwaka anaongea lugha ya watu wazima: kwa mtoto huyo mwisho wa mwaka ni mbali kiasi cha kutokuwapo, na nyota ya karatasi inayobandikwa kwenye daftari jioni hiyo hiyo ina uzito kuliko baiskeli ya mwezi wa mwisho.

Lakini nisije nikaeleweka vibaya kwamba zawadi inayofungwa kwenye mtihani haifai kamwe. Magharibi mwa Kenya, watafiti Michael Kremer, Edward Miguel na Rebecca Thornton walichunguza mpango wa ufadhili uliowalipia karo na kuwapa ruzuku wasichana wa darasa la 6 waliofanya vizuri katika mitihani. Alama zilipanda kwa kiasi kikubwa, ingawa matokeo ya wilaya mbili zilizohusika hayakulingana. Katika wilaya iliyofanikiwa, walimu walihudhuria shuleni zaidi, na hata wasichana ambao kwa alama zao za awali hawakuwa na matumaini makubwa ya kushinda walisonga mbele. Watafiti hawakuona dalili kwamba mapenzi ya kusoma yalipungua. Ufadhili ule haukuwa kitu cha kuchezea kilichotolewa ili mtoto akubali kukaa kitako asome; ulifungua mlango wa kuendelea na masomo yaleyale, na uliwahusu walimu na wazazi pamoja na mwanafunzi. Zawadi inayomrudisha mtoto kwenye jambo lenyewe ni tofauti na ile inayomfidia kwa kulivumilia. Barbara Marinak na Linda Gambrell waligundua jambo linalokaribiana na hilo mwaka 2008 kwa watoto wa darasa la 3: waliozawadiwa vitabu kwa kusoma waliendelea kuvutiwa na kusoma kuliko waliopewa vitu vidogo visivyohusiana na vitabu.

Zawadi inapoteleza ulimi

Kwa yote niliyoyaeleza, mtu anaweza kudhani amepata kanuni: usiahidi, toa ghafla, mtoto hatadhurika. Kanuni hiyo ni nzuri kwa sehemu kubwa, lakini utafiti mmoja wa California unaonyesha kwamba haitoshi. Wanafunzi zaidi ya 15,000 wa darasa la 6 hadi la 12 walihusishwa katika uchunguzi kuhusu tuzo za mahudhurio. Wengine walitangaziwa mapema kwamba wakihudhuria mwezi mzima bila kukosa watatuzwa. Kwao mahudhurio hayakubadilika. Wengine walitumiwa tuzo kwa mshangao, kwa sababu walikwisha kuhudhuria bila kukosa mwezi uliopita. Hawa mahudhurio yao yalishuka baada ya kupokea tuzo.

Watafiti walieleza kwamba tuzo ile ilikuwa imebeba ujumbe ambao shule haikuukusudia. Ilimwambia mwanafunzi kwamba amehudhuria kuliko wenzake, na tena kuliko shule ilivyomtarajia. Aliyekuwa akidhani kwamba kuja kila siku ni jambo la kawaida akajifunza kwamba ni jambo la ziada, na jambo la ziada mtu anaweza kulipunguza bila kujilaumu.

Ninalisisitiza jambo hili kwa sababu ndilo linalofungua fundo lote. Zawadi husema, na mtoto husikiliza. Ukimlipa mtoto ili aoshe meno, umemwambia kwamba kuosha meno ni adha inayostahili fidia. Ukimpa kitu kikubwa kwa kupata 60 wakati yeye mwenyewe alikuwa akilenga 85, umemwambia kwamba hukutarajia zaidi kutoka kwake. Ukimshangilia kwa alama 95 za somo ambalo halimsumbui na kunyamaza juu ya 52 alizozipata kwa kupanda kutoka 38, umemwambia kwamba heshima hutolewa kwa urahisi wa kufika, si kwa urefu wa safari. Hakuna mzazi anayekusudia kusema hayo, nami siamini kwamba ni kosa la mapenzi. Ni kosa la kutoitazama zawadi kutoka upande anaokaa mtoto.

Maneno pia ni zawadi

Yote hayo yanahusu pia zawadi isiyogharimu kitu, yaani sifa. Mwaka 1998 Claudia Mueller na Carol Dweck, wakiwa Chuo Kikuu cha Columbia, walichapisha mfululizo wa tafiti kuhusu watoto wa darasa la 5. Watoto walitatua mafumbo mepesi, wakasifiwa: wengine kwa akili zao, wengine kwa bidii zao. Kisha wakapewa mafumbo magumu yaliyowashinda, na baadaye mepesi tena. Waliosifiwa akili walipendelea kuchagua kazi ambazo zingewaonyesha kuwa werevu, walikata tamaa upesi walipokutana na ugumu, na matokeo yao ya mwisho yalishuka chini ya yale ya mwanzo. Waliosifiwa bidii walipendelea kazi za kujifunza kitu kipya, na matokeo yao yalipanda. Jambo linalohuzunisha zaidi ni kwamba walipotakiwa kuwaandikia watoto wa shule nyingine alama walizopata, bila mtu wa kuwakagua, karibu watoto 4 kati ya 10 waliosifiwa akili walidanganya kwa kujiongezea.

Kwa nini mtoto aliyesifiwa hudanganya? Kwa sababu "una akili sana" ni sentensi inayotegemea alama. Kama alama za juu zilithibitisha kwamba ana akili, basi alama za chini zitathibitisha kwamba hana, na hakuna mtoto anayeweza kukaa kwa amani na hukumu hiyo. Naye asiyejiamini ndiye anayeumia zaidi. Eddie Brummelman na wenzake nchini Uholanzi walionyesha mwaka 2014 kwamba watu wazima huelekea kuwamwagia sifa zilizokuzwa kupita kiasi watoto wanaojiona duni, wakitumaini kuwainua, ilhali sifa hizo hizo huwafanya watoto hao waikimbie kazi ngumu. Aliyeambiwa kwamba mchoro wake ni wa ajabu kupita yote ameongezewa mzigo wa kuchora wa ajabu kila siku.

Wengine wamesikia habari hizi na sasa husema "umejitahidi" kwa kila jambo, wakiamini kwamba wamepata neno salama. Silioni kuwa salama. Mtoto aliyejitahidi kweli na akafeli, akiambiwa tu kwamba alijitahidi, husikia huruma. Na aliyepata 90 bila kufungua daftari, akiambiwa vivyo hivyo, hujua kwamba mzazi hakutazama. Sifa yenye manufaa hubeba habari: "Naona safari hii uliandika hatua zote za hesabu, ndiyo maana ulipokosea uliweza kujua ulipotelea wapi." Sentensi hiyo haina neno moja la kusifu, lakini mtoto huondoka nayo akiwa amejua vitu viwili: kwamba ametazamwa kwa makini, na kwamba kuna jambo alilolifanya ambalo anaweza kulirudia kesho. Hakuna tuzo ninayoijua inayoshinda hiyo kwa bei wala kwa kudumu.

Nafasi ya kwanza ni moja

Kuna ahadi moja ambayo ningependa iachwe kabisa, nayo ni ile inayofungwa kwenye nafasi ya mtoto darasani. Katika darasa la watoto 40 nafasi ya kwanza ni moja na tatu bora ni watatu. Hata watoto wote 40 wakisoma kwa bidii maradufu, 37 watakosa. Mtoto anaweza kupanda kutoka alama 61 hadi 74 na bado akashuka kutoka nafasi ya 5 hadi ya 9, kwa sababu wenzake walipanda zaidi. Zawadi ya nafasi humfanya mtoto awe na faida katika kuanguka kwa rafiki yake. Humnyima sababu ya kumweleza mwenzake hesabu iliyomshinda, ilhali kumweleza mwenzake ni miongoni mwa njia bora kabisa za yeye mwenyewe kuielewa.

Ugumu huo huongezeka chini ya paa moja. Ndugu wawili hawalingani: mmoja husoma mara moja na kushika, mwingine hurudia mara nne. Zawadi ikifungwa kwenye alama, yule wa kwanza ataipata kila muhula na wa pili ataitazama kila muhula, na baada ya miaka michache nyumba itakuwa imempa kila mmoja jina lake, mwerevu na mzito, bila mtu yeyote kulitamka. Kuwapa wote kitu kilekile ili kuepuka manung'uniko hakutatui jambo, kwa kuwa watoto hutambua usawa wa kulazimisha. Kinachofanya kazi ni kumpima kila mmoja kwa jana yake, kwa faragha, na kumpongeza kwa hatua ambayo kwake ilikuwa ngumu.

Tena ipo hatari ya zawadi iliyokosekana. Mtoto aliyeahidiwa baiskeli kwa alama 80 akapata 78, siku hiyo haoni kwamba amekosa zawadi. Anaona kwamba ameadhibiwa, hata kama alifanya kazi kuliko wakati wowote. Kadiri kitu kilichoahidiwa kilivyo kikubwa, ndivyo adhabu inavyokuwa kubwa, na ndivyo kishawishi cha kunakili majibu ya jirani au kuificha karatasi kinavyonenepa. Mzazi akilegeza sharti na kutoa hata hivyo, ameonyesha kwamba masharti yake si ya kweli. Akikaza, ameonyesha kwamba miezi mitatu ya juhudi haikuwa na thamani kwa kupungua alama 2. Amejifunga kamba pande zote mbili.

Aliyekwisha kuahidi, atimize. Ahadi ni deni, na mtoto aliyefikisha sharti kisha akazungushwa kwa visingizio hujifunza jambo baya kuliko lolote ambalo zawadi yenyewe ingeweza kumfundisha. Baada ya kutimiza ndipo mzazi anaweza kubadili utaratibu, kwa kusema wazi kwamba muhula ujao hakutakuwa na patano la namna ile. Na ikiwa mtoto atauliza, kama wengi wanavyouliza, "Nikifaulu utanipa nini?", jibu la kweli linaweza kuwa: "Tutafurahi pamoja. Sasa niambie ni somo lipi linalokusumbua, tuone la kufanya."

Pale ambapo msukumo wa zawadi unahitajika kweli, kwa ile kazi kavu isiyopendeza, patano liwe dogo, la karibu, juu ya tendo lililo katika uwezo wa mtoto, na lenye mwisho unaojulikana tangu mwanzo: wiki tatu za kukariri, basi. Wala kisigeuzwe kuwa zawadi kitu ambacho mtoto anastahili kwa kuwa ni mtoto tu. Madaftari, viatu vya shule, chakula, usingizi, muda wa kucheza na muda wa kuwa na wazazi wake havipaswi kusubiri ripoti.

Kwa sababu hiyo, matembezi ya familia yaliyopangwa kwa ajili ya likizo yaendelee hata kama ripoti imekuja mbaya. Mzazi anayeyafuta hujiona amekaza kamba, lakini amemwambia mtoto kwamba nafasi yake katika familia inasomwa kutoka kwenye karatasi. Matembezi yaendelee, na siku nyingine, wote wakiwa wametulia, mzazi akae na mtoto mezani wafungue karatasi za mtihani zenyewe, si ripoti. Karatasi huonyesha yale ambayo alama haziwezi kuonyesha: maswali aliyoyaacha kwa kukosa muda, aliyoyaelewa nusu, na lile moja alilolipata ambalo darasa zima huenda lililikosa. Mzazi aanze na hilo moja. Amwombe mtoto amweleze alivyolifanya, hatua kwa hatua, kisha anyamaze asikilize mpaka mwisho.